Vichwa Kumi na Viwili

Jua lilikuwa linazama, na Mama Pacha alikuwa anaanika taulo pembeni mwa boti. Likizo gani hii, mtu bado anaanika. Watoto amewaacha kwa dada yake. Wazo la kukaa siku sita kwenye boti ya wazamiaji, kula humo na kulala humo, lilikuwa la mumewe.

"Twende wote," alimwambia alipokuwa anafunga mtungi wa hewa mgongoni. "Leo tunajaribu vifaa tu."

"Nenda na samaki wenzio. Mimi nimekuja kulala."

Hakulala. Na sasa wazamiaji walikuwa wanapanda ngazi mmoja mmoja, suti nyeusi, miwani mikubwa usoni. Kiongozi wao akawahesabu kwa kugusa vichwa, kama ilivyo desturi ya boti ile.

"Kumi na wawili. Tumetimia."

Injini ikanguruma.

Mama Pacha akapita kwenye benchi na taulo mkononi. Mabega ya mumewe ameyakanda miaka kumi na minne. Hakuyaona.

"Mume wangu hayupo."

"Mama, wametimia. Labda umechoka."

"Nimechoka, sijapofuka. Zima injini."

Mwisho wa benchi aliketi mmoja ambaye hakuvua miwani. Maji yalimchuruzika... yakachuruzika... hayakwisha. Alinuka tope la kale. Wenzake walikuwa wanahema.

Yeye hakuhema.

Nyuma yao, mbali, taa ndogo ikapepea juu ya maji.

Boti ikageuka. Walipomvuta mumewe juu, mwisho wa benchi hapakuwa na mtu. Hakuna aliyesikia kitu kikitumbukia.

"Kuna mtu alinishika mkono kule chini," mumewe alisema, meno yakigongana. "Akanipa ishara ningoje. Nikadhani ni kiongozi. Nikangoja."

Kiongozi akahesabu upya. Kumi na wawili.

Nahodha akamvuta Mama Pacha kando, akanong'ona. "Mwaka jana tuliokota maiti ya mteja wetu hapa hapa. Wiki nzima baada ya safari kwisha."

"Kwani hamkuwahesabu?"

"Tuliwahesabu, mama. Walizama kumi, wakapanda kumi. Bandarini wakashuka kumi, kila mmoja akapokewa na mtu wake."

"Na huyo maiti?"

"Alikuwa mmoja wa hao kumi. Tulimpigia mkewe simu aje amtambue." Nahodha akatupia jicho mwisho wa benchi. "Akasema tunamsumbua bure. Mumewe yuko ndani, amelala."