Ndoo Kavu Chini ya Kiyoyozi

Ndoo ilikuwa kavu. Fundi Barafu aliinama akaichungulia kama mtu aliyedondosha pete kisimani, akaona vumbi na nzi mmoja aliyekufa, basi. Kiyoyozi kilichofanya kazi siku tatu mfululizo kilipaswa kuwa kimeijaza mara kadhaa, maana mashine ya kupoza hewa haikosi kutoa maji. Juu ya ndoo, mashine ya nje ilinguruma kwa bidii, feni ikizunguka, na ndani ya chumba mama yake alikuwa akiiva.

Barafu alikuwa ametengeneza viyoyozi katika miji mingi kuliko jozi za viatu alizowahi kumiliki, lakini mganga hajigangi: cha mama yake mzazi kilikuwa cha mtumba. Alikitoa kwenye nyumba iliyohamwa, ambako alikikuta kikinguruma peke yake mbele ya kuta tupu. Mwenye nyumba hakutaka hata kuvuka kizingiti. Alisimama barabarani, akamwambia akichukue bure, mradi akiondoe siku hiyohiyo. Barafu akacheka moyoni: wenye nazo bwana, wanahama hawazimi. Akafanya wanavyofanya mafundi wote ili gesi isipotee. Alifunga valvu moja huku mashine ikinguruma, akaiacha ivute kila kilichokuwa ndani ya mabomba na kukikusanya kwenye mashine ya nje, kisha akafunga valvu ya pili. Kila kilichokuwemo, akaondoka nacho.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa akimuuguza mama, alimpokea akiwa na kipande cha boksi cha kupepea. Alimkumbusha maneno ya daktari: moyo wa mama umechoka, na joto hili likiendelea siku mbili tatu hautalistahimili. Kisha, kwa kuwa dada ni dada, akamuuliza kama wateja wake nao huwapika hivi au ni upendeleo wa kifamilia.

Barafu alipanda stuli akasafisha chujio ambalo halikuwa chafu. Akaweka rimoti kwenye nyuzi kumi na sita. Bomba la shaba lilikuwa baridi hata likamng'ata kidole, na mshale wa geji ya kupimia gesi ulisimama panapotakiwa. Akaweka kipimajoto kwenye mdomo wa kiyoyozi: nyuzi kumi na mbili. Akakishusha shubiri moja tu: nyuzi arobaini. Akakipandisha: kumi na mbili. Akakishusha tena.

Baridi haipotei ndani ya shubiri moja. Akaupeleka mkono pale kati polepole, kama apapasaye gizani, ingawa ilikuwa saa saba mchana na jua limejaa dirishani, na vidole vyake vikakutana na joto lenye mwanzo na mwisho, joto la mviringo kama paji la uso la mtoto mwenye homa, na lile joto likageuka, likamwachia kiganjani pumzi yenye harufu ya nywele zilizoungua, na hapo akasikia, chini ya mvumo wa feni, sauti ndogo ya kitu kinachofyonza, kinachofyonza bila kupumzika.

"Mwambie asogee," mama akasema kutoka kitandani, kwa sauti ya mtu aliyezibiwa dirisha. "Ananikingia."

Dada akaacha kupepea. "Nani, mama?"

"Huyu aliyekuja na kiyoyozi cha mdogo wako. Ana kiu, maskini."

Neno jini lilimfika Barafu kooni akalimeza. Alitoka nje akijiambia kwamba kilichokuja na gesi kitaondoka na gesi. Akafunga valvu ya kwanza, akautazama mshale ukishuka mpaka sifuri, akafunga ya pili, akazima. Kimya. Kwa muda wa pumzi mbili alijiona fundi kweli.

"Mdogo wangu," dada akaita taratibu kutoka ndani. "Njoo. Usikimbie. Njoo tu."

Jasho la mama lilikuwa limekauka lote. Midomo ilikuwa imepasuka, na maji ya glasi iliyokuwa pembeni ya kitanda yalikuwa yakipungua bila kuguswa. Kando ya kichwa chake, mto ulikuwa umebonyea kwa uzito wa kichwa kingine.

"Amehamia kwangu," mama akanong'ona. "Anasema hata mimi nina baridi kidogo."

Barafu hakumbuki alivyofika nje, alivyofungua valvu na kuwasha, wala spana ilivyomchubua. Aliporudi, kiyoyozi kilikuwa kikivuma, joto limerudi chini ya mdomo wake kama mwanzo, mto umeinuka, na mama anapumua. Akampigia simu yule mwenye nyumba. Yule bwana hakusalimia. Aliuliza swali moja tu, kama bado kinawaka, na alipojibiwa ndiyo, akasema kwa sauti ya mtu anayelia, "Basi kisizimwe," akakata.

Wakakaa, dada upande huu na boksi lake, kaka upande ule na gazeti, wakimpepea mama chini ya kiyoyozi kisichopoza na kisichozimika. Dada alisema atatafutwa mtu wa dua. Barafu akasema ndiyo, huku masikio yake yakiwa kwenye mngurumo wa nje.

Kwanza ilinyamaza redio ya jirani. Kisha friji ya jikoni ikatetemeka, ikatulia. Feni ya nje, umeme ukiwa umekatika, ikazunguka kwa uvivu, mara moja, mara ya pili, ikasimama.

Mama aliinua macho kwenye kiyoyozi, kisha macho yale yakaanza kuufuata ukuta, kutoka juu kuja chini, bila haraka.

"Mwanangu," akasema, "anashuka."