Mmea Ulioinamia Kitanda

Saa ya marufuku ya kutembea usiku ilikuwa inakaribia, na Moza bado anagombana na muuza maua wa mtaa wa Mutanga Sud. Moza huyo! Vita vimekula nusu ya mji, mume wake Nasser yuko hoi kitandani, lakini pumzi ya kudharau watu haikumwishia.

"Nataka mmea wa kukaa gizani," alisema, akiziba pua kwa ncha ya mtandio.

Dirisha la Nasser, kule nyumbani Rohero, lilizibwa kwa magunia ya mchanga kwa sababu ya risasi. Mimea miwili ilishakufa mle ndani, na daktari naye alishakata tamaa. Moza alijiambia kuwa kitu kimoja kibichi kikishika uhai mle, Nasser naye atapona.

Akilimali, muuza maua, alisogeza chungu chenye majani mapana ya madoa meupe.

"Hii apana kuweka kwa jua, mama. Maji kidogo, udongo ikikauka. Ugeuze chungu kila juma, isiinamie upande mumoja. Na..." Akashusha sauti. "Usiinyweshe kitu mutu amekunywa."

"Ebo! Mutu wa kuuza majani ndiye wa kunifundisha mi?"

Akabeba chungu, akaondoka bila hata asante.

Kila Ijumaa Nasser alikunywa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani. Mabaki ya kombe hayamwagwi watu wanapokanyaga, mtoto yeyote wa Kiislamu anajua. Moza akayamwagia mmea. Angeyapeleka wapi, na nje risasi zinalia?

Mmea ukanawiri. Nasser akaanza kunywa uji. Moza akacheka peke yake, akimsonya yule mshamba wa Mutanga.

Halafu ikaja harufu. Zafarani... na jasho la mgonjwa. Ilitoka kwenye majani.

Mmea wa gizani huinama kuelekea mwanga, na mwanga wa chumba kile uliingilia mlangoni. Huu uliinamia kitanda.

Moza akaugeuza.

Krrr... krrr...

Shina likajizungusha mbele ya macho yake.

"Mshenzi wewe!" Akaubeba hadi uani, akautua juani. "Kauka huko!"

Kingo za majani zikaanza kubabuka.

Ndani, kwenye giza totoro, Nasser akapiga yowe.

"Moza! Nitoe kwa jua! Naungua!"

Moza akaurudisha mmea gizani mbio, lakini alipomfikia mumewe, mabega yake yalishajaa malengelenge.

Jioni alirudi Mutanga, mtandio umemkaa upande.

"Mutu na mumea wamekunywa bakuli moja?" Akilimali alinong'ona.

Moza akaitikia kwa kichwa.

"Mi niliiokota kwa nyumba ya watu waliokimbia. Chumba ya ndani, karibu na kitanda. Kikombe ya kunywea ilikuwa ingali juu ya udongo ya chungu."

"Na kitandani?"

"Majani makavu, mama. Majani tu... yamelala kama mutu." Akatazama pembeni. "Usiiache ikauke."

Leo Moza, asiyesalimia hata majirani, anapangusa majani yale moja moja kwa kitambaa laini, akiyaomba radhi. Nasser ananenepa. Anakula, anaswali, anacheka.

Ila hamtazami mkewe tena. Shingo yake imepinda kuelekea chungu. Moza humshika mashavu yote mawili, akamgeuza taratibu, huku analia.

Krrr...

Shingo inarudi.