Jani la Isale Halina Mdomo

Kila Jumamosi, kabla uji haujapoa, Zita alichukua jembe akaenda kufungua maji ya mfongo. Mfongo ni mtaro uliochimbwa na mababu kutoka msituni, juu ya Marangu, nao hupita kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani kwa shamba, ukinywesha migomba na kahawa. Kila nyumba ina zamu yake. Anayekula zamu ya mwenzake hajala maji tu, amekula ugomvi.

Na ugomvi Zita aliupenda kama wengine wapendavyo ndizi za kuchoma. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba kama ufito, lakini ngumi yake ilisifika hadi Himo. Watu walisema majogoo wa jirani walimwomba ruhusa kabla ya kuwika. Walisema siku moja alimpiga beberu kichwa, na beberu akahamia Rombo.

Jumamosi hiyo alikuta mfongo mkavu, kaa anatembea katikati kama mwenyekiti wa kijiji. Akapanda mlima kufuata maji yalikopotelea. Akamkuta Fredy, mtoto wa jirani, ameziba njia kwa kipande cha mgomba na maji yote yanamiminika shambani kwao.

"We Fredy! Leo zamu ya nani?"

"Ya mwenye nguvu," Fredy akajibu, wala hakugeuka. "Nenda kamwambie bibi yako akaombe mvua."

Lo! Bibi Elisifa ndiye aliyemlea Zita, na bibi huyo hakuwa wa kuchezewa mdomoni. Zita alimrukia Fredy mgongoni, wakaanguka wote ndani ya tope. Ngumi zikalia, mashati yakachanika. Fredy akamzamisha uso matopeni. Zita akamng'ata mkono mpaka akaonja damu. Alipochomoka, Fredy akamtupia jiwe lililompasua juu ya jicho. Hapo Zita hakuona tena mtu, aliona nyekundu tupu. Akashika jembe, akaligeuza, akauzungusha mpini kwa nguvu zake zote. Ukatua shingoni mwa Fredy, mbele, penye koromeo. Ko! Kama mchi katika kinu kitupu.

Fredy akapiga magoti, macho yamemtoka. Baadaye akainuka akiyumba.

"Hujaniweza," alisema, lakini sauti ilikuwa ya mzee wa kanisa mwenye mafua.

"Ukisema, nasema umeiba maji," Zita akamwambia.

"Niseme nini? Kwamba nimepigwa na msichana?"

Wakaachana. Hata hivyo ile "ko!" ilimfuata Zita hadi nyumbani. Bibi alipouliza habari za jicho, Zita alisema ameangukia jiwe. Kisha akanyemelea ua wa mpakani, akachuma majani mawili ya isale. Moja akalitia mfukoni, la pili akalifunga fundo na kulichomeka kwenye geti la kina Fredy. Tangu enzi za mababu, Mchagga akikuletea isale amekuomba msamaha, na kulikataa ni mwiko. Zita akanawa damu, akajiambia, "Yamekwisha."

Hayakuwa yamekwisha. Kabla ya chakula cha mchana, Mama Fredy alipiga yowe lililoangusha maparachichi. Fredy alikuwa ameshika shingo kwa mikono miwili, na kila pumzi ilipiga mluzi.

"Pumu yake hiyo, imerudi!" majirani wakasema, kwa kuwa utotoni aliwahi kuugua pumu.

Filbert, mwenye pikapu ya kubebea ndizi, akawapakia. Mama Fredy akamvuta Zita. "Wewe ulikuwa naye mfongoni. Twende ukamweleze daktari." Bibi Elisifa naye akapanda nyuma na mwavuli wake. Filbert aliteremka mlima kwa kasi hata kivuli cha gari kikaachwa Himo kikiuliza njia.

Katika hospitali moja mjini Moshi, Fredy alikimbizwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Kupitia kioo cha mlango Zita alimwona akipigana kama mtu anayezama. Alirusha mateke, akang'oa barakoa ya oksijeni, akampiga muuguzi kiwiko cha pua. Kila mluzi ulikuwa mwembamba kuliko uliotangulia, na midomo yake ilianza kuwa ya rangi ya zambarau.

Dakta Theopista akatoka mbio. "Dawa ya pumu haimsaidii, na anachoka. Lazima nimwekee mpira wa kupumulia kooni sasa hivi. Ilianzaje? Amepaliwa? Ameanguka? Amepigwa?"

"Nani ampige mwanangu?" akanguruma Mzee Primus, baba yake Fredy, aliyekuwa amewafuata nyuma, mtu mwenye mabega kama mlango wa kanisa. "Ajitokeze nimvunje!" Akapiga ukuta ngumi hadi vifundo vikachubuka.

Macho yote yakamgeukia Zita.

"Tulikuwa tunacheza," akasema. "Akakimbia, akaanza kukohoa."

Mluzi ukasikika tena mle ndani, mwembamba kama uzi. Zita akatia mkono mfukoni, akatoa lile jani lililobaki, akampa daktari.

Dakta Theopista akalitazama. "Mimi ni wa Mkuu, kule Rombo, isale nalijua. Umeomba msamaha. Kwa kosa gani?"

Zita akaziangalia ngumi za Mzee Primus.

"Mwanangu, jani halina mdomo. Wewe unao. Sema, mwenzako anakufa."

"Nilimpiga na mpini wa jembe," Zita akasema. Akagusa koo lake. "Hapa."

Mzee Primus akamrukia kama chui. Bibi Elisifa, asiyefika bega la mtu yeyote, akafungua mwavuli usoni mwake, pwa!

"Primus! Anza na mimi niliyekupokea ulipozaliwa!"

Mwavuli ukavunjika mbavu zote. Bibi akasukumwa ukutani, ila hakutoka mbele ya mjukuu wake. Walinzi wakamshika Primus mikono, akabaki akihema na kulia kwa hasira.

Daktari hakungoja mwisho wa vita hiyo. "Koromeo limeumia!" akapaza sauti. "Leteni kamera na mpira mwembamba! Daktari wa upasuaji asimame kando. Nikishindwa, afungue njia shingoni!"

Mlango ukafungwa. Punde mluzi ukakatika. Kimya. Mama Fredy akaanguka sakafuni, na Zita akaziba masikio. Kisha mashine ikaanza kusikika: fuu… fuu… fuu.

Dakta Theopista alipotoka, jasho lilikuwa likimtiririka. "Anapumua," alisema. "Tuna kifaa kama kijiko kirefu kilichopinda, chenye kamera ndogo nchani. Nikikipitisha mdomoni, ndani ya koo naona kwenye skrini. Palikuwa na damu, pamevimba kama ndizi mbivu iliyokanyagwa. Uwazi uliobaki ulikuwa mdogo sana, na mpira mwembamba ukapenya. Ningeamini ni pumu, ningesukuma mpira wa kawaida juu ya jeraha." Akamgeukia Zita. "Kamera inaona koo, mwanangu. Haioni yaliyotokea mfongoni."

Uvimbe ulipopungua, mpira ulitolewa. Fredy alirudi nyumbani akiwa na sauti ya kukwaruza, haruhusiwi kula kigumu. Zita akaenda na Bibi hadi kwao, na mara hii hakuchomeka jani getini. Alilishika kwa mikono miwili, akayasema yote, tangu tope hadi uongo wa hospitalini.

Mzee Primus alilipokea jani. "Sikusamehi kwa ajili ya hili," alisema. "Nakusamehe kwa sababu ulisema ukweli nikiwa nimekunja ngumi. Na Bibi, unisamehe mimi pia. Mwavuli nitakununulia."

Fredy akakwaruza kutoka kwenye kiti, "Baba, maji yalikuwa zamu yao. Niliyaiba." Akameza mate kwa shida. "Ila sikupigwa na msichana. Nilipigwa na jembe."

Bibi Elisifa akacheka, akafunua sufuria aliyokuja nayo. Ndani mlikuwa na mtori, supu ya ndizi zilizopondwa, laini kama hariri.

"Kunywa, mjukuu wangu. Nimeupikia kuni za ule mpini." Akawatazama watoto wote wawili, na kicheko kikafutika usoni. "Hasira ilipiga pigo moja. Uongo ulitaka kupiga la pili, na hilo ndilo lingeua. Mkikosa, leteni isale, ni desturi njema. Lakini mdomo utangulie, jani lifuate."