Barafu Inayowaka

Mjukuu wangu, nitegulie kitendawili hiki kabla hujakaa vizuri: ni barafu, lakini ukiigusisha kibiriti, inawaka. Umeshindwa? Nadège naye alishindwa, siku moja sokoni katika mji wa Baraka, alipokuwa akiuza maji baridi na Élie, kijana wa Mboko mwenye shati jeupe, akamtegea.

"Barafu ya vile iko wapi?"

"Chini ya bahari, ndani ya matope. Iko na gesi. Mi naipiga picha na mashine inayoona vidogo kabisa, nijue kama inashika chembe za matope ao imekaa tu katikati yao."

"Basi we uko na wazimu, kaka!"

Wakacheka, na mapenzi yakaanzia hapo. Élie aliporudi masomoni Ulaya, simu haikupoa. Akaahidi kuja na wajomba zake kujitambulisha kwa wazazi wa Nadège.

Siku ikafika. Mbuzi akachinjwa, Nadège akavaa libaya, blauzi ya sherehe, na kikwembe cha bluu kiunoni. Wajomba wakafika peke yao, macho chini. Simu ikalia; ni Élie.

"Mpenzi, friji ya kazi ilikufa tangu juzi. Barafu ikiyeyuka mbele niipige picha, kazi yote imepotea. Nimebaki kuilinda, sikupanda ndege."

Papa Nicolas, baba yake Nadège, akauliza mbele ya wote: "Nadège, huyu muntu unamujua kweli? Mpaka unijibu, hapa haingie."

Kwa aibu Nadège akakimbilia ndani. Akazima simu. Miezi ikapita, hasira ikichemka tu.

Kisha siku moja Élie akasimama mlangoni kwao Nadège, vumbi la njia mpaka kwenye nyusi, wajomba nyuma yake.

"Matope yamekufukuza?"

"Nadège, mama…"

"Usiniite mama! Bamama bote baliniangalia kama sahani chafu! Barafu yako uliionea huruma. Mimi je?"

Élie akapangusa vumbi usoni. Nadège akauliza kwa ukali, "Na hiyo picha, ilitoka?"

"Ilitoka. Barafu inazishika chembe. Lakini sikuwa na muntu wa kumuonyesha. Ningejua, ningeiacha iyeyuke, nije."

"Muongo!"

Élie akainamisha kichwa. "Kweli. Singeiacha. Lakini ilifaa nikupigie siku ile friji ilikufa, musichinje mbuzi. Nilikuogopa."

Papa Nicolas alikuwa ametoka, akisikiliza. Nadège akamgeukia, macho bado yanawaka.

"Papa, uliniuliza. Namujua. Ni muntu wa kuacha chakula kipoe sababu ya matope, na akidanganya hafiki mbali. Muache aingie. Lakini mbuzi wa leo atanunua yeye!"