Pawasaplai Aliyoichagua Bisibisi

Kila alasiri akitoka shule, msichana mmoja wa darasa la saba alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaenda moja kwa moja kufuta vumbi kwenye meza ya mama yake. Meza hiyo ilikuwa konani mwa sebule, na juu yake ilikaa kompyuta iliyowalisha na kuwavisha. Mama alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Akishachora kuta, madirisha na paa, kompyuta ilitoa picha ya nyumba ambayo bado haijajengwa, kana kwamba mtu amesimama uani anaitazama.

Nyumbani walimwita Bisibisi. Jina hilo alipewa na kaka yake, kijana wa chuo anayezijua kompyuta ndani nje, kwa kuwa tangu ana miaka minane ndiye aliyemshikia vifaa wakati wa kufungua na kufunga. Kaka akisema waya huu unakwenda hapa, Bisibisi hakuuliza mara mbili.

Mwezi huo Mama alipata kazi kubwa ya ghorofa tatu, na picha moja ilichukua nusu siku kutoka. Kaka akaikimbiza prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kupita kasi iliyowekewa kiwandani. Picha zilianza kutoka upesi, lakini sasa mashine ikawa inazimika ghafla katikati ya kazi. Kaka alieleza kuwa kasi imeongeza njaa: pawasaplai, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia kila kifaa, imezidiwa. Ilibidi inunuliwe nyingine. Kaka alikuwa na mtihani, basi Mama akamtuma Bisibisi.

Hakwenda kichwa kichwa. Kwanza alipitia kwa fundi wa mtaa wa pili, mama mwenye miwani mizito ambaye kila mtu alimwita Shangazi Waya. Huyo alimwonya asibabaishwe na namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu. Atazame wati ambazo kifaa kinaweza kuzitoa mfululizo, si zile za dakika moja, tena zizidi mahitaji ya mashine kwa nafasi ya kutosha. Kiwe na kinga ya kujizima umeme ukizidi, na waranti yake iwe ya miaka. Na achague kile ambacho nyaya zake zinachomoka, ili afunge zinazohitajika tu na hewa ipite vizuri.

Dukani, muuzaji alimpangia visanduku vinavyowaka taa za kila rangi. Bisibisi alivigeuza kimoja kimoja, akisoma maandishi madogo ya ubavuni. Muuzaji akamuuliza kama amekuja kununua au kufanya mtihani. Alijibu kwamba ni mtihani, na akifeli atakayeungua ni mama yake. Akachagua kizito, cheusi, kisicho na urembo wowote.

Jumapili alikifunga mwenyewe, Kaka akiwa pembeni amekunja mikono. Kisanduku kilikaa chini kabisa ndani ya kasha la kompyuta, nyuma ya bati, pasipoonekana. Kilichoonekana kupitia kioo cha ubavuni ni nyaya tu, nyeusi, zimesukwa kama nywele. Siku tatu mashine haikuzimika hata mara moja, na Mama akawa anawaambia wateja kwenye simu kwamba ana injinia wake ndani ya nyumba.

Alhamisi asubuhi Mama alibonyeza kitufe. Kitu kililia taf, mara moja tu, kisha harufu ya plastiki ikajaa sebuleni. Diski yenye michoro ya ghorofa haikusomeka tena. Nakala ya akiba ilikuwa ya wiki tatu nyuma, na mwenye ghorofa alitaka kazi yake kesho yake saa nane mchana, la sivyo angempa mchoraji mwingine.

Mama hakufoka. Afadhali angefoka. Alimtazama bintiye, akasema, "Nilikuamini, mwanangu. Kumbe nilikupa kazi inayokuzidi."

Bisibisi alimgeukia Kaka, akitegemea aseme kwamba nyaya zilifungwa sawasawa, maana alikuwepo. Kaka alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Baadaye, jikoni, alimwekea mkono begani, akamwambia polepole, "Mwombe Mama radhi, yaishe. Kila mtu hukosea."

Bisibisi akaomba radhi. Alisema amekosea, ingawa hakujua amekosea wapi. Kutwa nzima shuleni hakusikia alichofundishwa.

Alasiri aliazima toroli ya jirani, akalifunika kasha kwa shuka, akalisukuma hadi kwa Shangazi Waya. Fundi hakuuliza nani kafanya nini. Alifungua skrubu, akakitoa kisanduku na kukiweka mezani. Feni yake ilikuwa imevaa vumbi zito kama blanketi.

"Kitu cha siku tano hakina vumbi la mwaka mzima," alisema. "Hiki ndicho ulichonunua?"

Sicho. Pembeni kilikuwa na stika ya kijani iliyochanika nusu, na Bisibisi aliijua stika hiyo. Aliibandua mwenyewe mwaka jana akaishia njiani, siku alipomshikia Kaka tochi akikifunga kwenye kompyuta yake ya michezo.

Shangazi Waya alieleza kwamba visanduku viwili hivi ni vya watengenezaji tofauti. Plagi zao zinafanana, zinaingia na kubana vizuri kabisa, lakini upande wa kisanduku kila mtengenezaji hupanga umeme anavyotaka. Aliyebadilisha alikuwa na haraka. Alibadilisha kisanduku peke yake, akaziacha nyaya za kile kipya zilivyokuwa zimepangwa. Kwa bahati nyaya kubwa zililingana. Waya wa diski haukulingana, ukapeleka volti kumi na mbili panapotakiwa tano.

Bisibisi hakusikia mengi baada ya hapo. Alikuwa anaufikiria ule mkono wa jikoni. Mkono ule ulipomshika begani, ulikuwa unajua.

Fundi alionyesha kijisehemu kwenye diski, kidogo kama punje ya mchele, kilichojiunguza ili kuvikinga vingine. Alikitoa kwa chuma cha moto, akaichomeka diski kwenye mashine yake. Majina ya michoro yakajipanga kwenye skrini, moja baada ya jingine. Akayanakili yote kwenye diski nyingine na kumwazima.

Nyumbani, Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kaka alianza kusema kwamba labda fundi amechanganya vifaa vya wateja.

"Basi tufungue kompyuta yako, Kaka," Bisibisi alisema. "Tuangalie wote."

Hapo Kaka akakiri: alikibadilisha kisanduku usiku wa Jumatano, kwa kuwa alikuwa na mashindano ya michezo ya kompyuta Jumamosi, mashine yake nayo ameikimbiza, akataka kuazima tu na kurudisha Jumatatu. Hakudhani kitu kitaungua.

"Na kilipoungua?" Mama aliuliza.



"Ulijua si mimi," Bisibisi alimwambia kaka yake. "Ukanifundisha namna ya kuomba radhi."

Jioni hiyo hiyo Kaka alikileta kisanduku kipya, na Bisibisi akakifunga kwa nyaya zake chenyewe, akiusoma kila mmoja kabla ya kuuchomeka. Ijumaa asubuhi picha ya mwisho ikatoka. Kaka ndiye aliyetumwa kuipeleka, amweleze mwenye ghorofa kwa kinywa chake kwa nini kazi ilitaka kukwama. Alirudi saa tisa, macho chini. Kazi imepokelewa. Akamwomba mdogo wake msamaha.

"Bado," Bisibisi akasema.

Kaka akamtazama Mama, akitaka amtetee. Mama akamvuta binti yake karibu. "Nami nilikukosea," alimwambia. "Shangazi Waya alifungua kwanza ndipo akasema. Mimi nilisema kabla ya kufungua. Nisamehe, mwanangu." Kisha akamgeukia mwanawe. "Kuazima bila ruhusa ni kosa, na hilo tumelitengeneza. Lakini ulimwona mdogo wako amebeba mzigo wako, ukamwelekeza aubebe vizuri. Pawasaplai ina spea dukani, baba. Imani ya huyu haina. Utaijenga kwa kusema kweli, hata siku ambayo hakuna anayekuuliza. Na atakayesema imetosha ni yeye, si wewe wala mimi."