Neno Lililokula Kidole

Mtaani walimwita Profesa, ingawa shule aliiacha mapema. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango. Alipojisifu kwamba Kiingereza chote kimepita mikononi mwake, mkewe alicheka tu.

Kisha uvimbe ukaota kwenye kidole chake cha shahada, mkono wa kulia. Brashi ikawa inamponyoka. Hospitali wakampa siku ya upasuaji, na karatasi yenye neno moja kubwa: FAST.

"Tukamuulize muuguzi," alisema mkewe.

"Umuulize nini? Neno hili nimelichora mara ngapi? Fundi simu fast, dobi fast. Ni haraka! Wanataka tuwahi."

Siku ilipofika, mkewe aliamka alfajiri akampikia uji mzito. Wakawahi kuliko wagonjwa wote.

"Baba, umekula?" aliuliza muuguzi.

"Nimeshiba, dada."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Basi leo haiwezekani. Ukilazwa kwa dawa ya usingizi na tumbo limejaa, chakula hupanda kikaingia mapafuni. Unaweza kufa."

"Lakini mmeandika haraka!" mkewe alisema.

"Neno hilo lina maana nyingi, mama. Zamani, kwa Waingereza, lilimaanisha kushika imara. Aliyejizuia kula, wakasema ameshika imara. Aliyekimbia kwa nguvu, wakasema hivyo hivyo, ndipo likawa pia haraka. Hata sisi si tunafunga mlango, tena tunafunga kula? Si tunakaza kamba, tena tunakaza mwendo? Hapa ni kufunga: usile chochote tangu usiku. Na sisi tumekosea. Tulipaswa kuwaeleza kwa mdomo."

Maji yalikuwa yameshamwagika. Nafasi nyingine ilipatikana baada ya wiki tano, na zilikuwa wiki mbaya. Uvimbe ulikua. Profesa alilia kwa maumivu, na mkewe kila akiona sufuria ya uji alijilaumu.

Safari ya pili alifunga, akapasuliwa salama, akapona. Lakini uvimbe ulikuwa umeshashika mfupa. Katika upasuaji huo kidole kilikatwa.

Sasa anachora kwa mkono wa kushoto, polepole, na kazi zimepungua. Juzi jirani alimletea karatasi ya hospitali.

"Profesa, hebu nisomee. Wanasemaje?"

Aliisoma mara mbili. Mkewe aliacha kufua, akamwangalia.

"Sijui," alisema Profesa. "Vaa viatu, twende tukaulize."