Siku Gari la Mzee Kimbunga Lilipotikiswa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Mzee Kimbunga alitoka uani kumsalimia mpenzi wake. Usimfikirie vibaya. Mpenzi mwenyewe alikuwa gari. Lilikuwa gari la mbio, jeupe, la milango miwili. Lilikaa chini sana, hata paka akitaka kupita chini yake ilibidi ajikunyate. Mzee alilifunua turubai, akalifuta vumbi, akalipiga kofi dogo la mapenzi.

"Umeamkaje, mama?" aliliuliza.

"Nimeamka salama," mkewe alijibu kutoka jikoni. "Ahsante kwa kuniuliza."

Binti yao wa mwisho aliangua kicheko. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani, ikitazamana na gari. Mama aliliita gari hilo "mke mwenzangu." Utani huo ulikuwa wa miaka mingi, lakini Kitinda hakuuchoka.

Kitinda naye alilipenda gari lile. Alikumbuka enzi zile alipokuwa mdogo, baba akirudi jioni kutoka mashindanoni. Mlio ulisikika tangu kona ya mbali. Mama akiusikia tu, anabandika maji ya kuoga. Maji yakipata moto, baba huyo mlangoni, uso wote vumbi, meno tu ndiyo meupe. Alinukia petroli. Mpaka leo Kitinda akipita kituo cha mafuta, moyo humwenda mbio kwa kumkumbuka baba yule.

Lakini siku hazigandi. Goti la mzee lilikuwa limeharibika. Gari nalo breki zake za mbele zilikuwa zimekwisha, na oili ilivuja. Lilikuwa halijatoka uani kwa miaka.

"Laiti ningelisikia likipanda mlima mara moja tu," mzee alisema siku moja.

"Basi nielekeze, baba," Kitinda alimwambia. "Wewe una ujuzi, mimi nina mikono."

Akatafuta pedi mpya za breki. Jumamosi moja wakaanza kazi palepale uani. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, na udongo ulikuwa laini. Mzee akatoa jeki yake ndogo ya zamani. Jeki ikaanza kuzama.

"Weka tofali chini yake," mzee aliagiza. "Na tofali jingine weka huku, lishike gari."

Kitinda akazungusha jeki. Gari likainuka kidogo kidogo. Plastiki ya pembeni ikalia *kwa!* ikapasuka ufa. Mzee akauma meno kama amepasuka yeye. Hata hivyo mbele kuliinuka. Kitinda akatandika gunia chini, tayari kuingia kutazama oili inavuja wapi.

"Hee! Mwanangu anaingia wapi?" Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba Kitinda, hicho chuma kitamshikilia?"

"Mke wangu, sisi tulikuwa tunainua hivi hivi. Na mbona tuko hai?"

"Mlio hai ndio mnaosimulia," Mama alijibu. "Waliokufa watamsimulia nani?" Kisha akapaza sauti juu ya ua. "Jirani! Hebu njoo huku, tafadhali!"

Jirani yao alikuwa na gereji ndogo upande wa pili wa ua. Zamani naye alishindana magari. Mzee Kimbunga akiwa wa kwanza, yeye wa pili, kila mara. Basi jina likamganda: Namba Mbili.

"Umekuja kutazama washindi wanavyofanya kazi?" mzee alimchokoza.

"Nimekuja kula vumbi lako. Nimelizoea," Namba Mbili alijibu. Halafu akaliona gunia, na utani ukamtoka usoni. "Kitinda, mama, toka hapo kwanza. Kaka, niruhusu jambo moja tu. Nilitikise."

"Litikise mpaka uchoke! Gari hilo lilisimama hivyo mlimani, kwenye mbio."

Namba Mbili akawasogeza wote mbali. Akachukua mti mrefu wa Mama wa kuinulia kamba ya nguo. Akasimama kwa mbali, akalisukuma gari ubavuni. Hakusukuma kwa nguvu. Alisukuma kama mtu anayemwamsha mgeni.

Jeki ikalala upande. Tofali likapasuka likawa unga. Gari likaanguka *pu!* na kuku wote wakakimbia.

Kitinda alichuchumaa, akachungulia. Kati ya chuma na udongo palibaki nafasi ya kupitisha kandambili, basi. Gunia lilikuwa limebanwa humo ndani. Kitinda akakaa chini palepale kwenye matope. Mama akamkumbatia kichwa, mwiko ungali mkononi.

"Lakini siku ile mlimani..." mzee alianza, sauti imempungua. "Siku ile tuliyoshinda..."

"Siku ile imalizie, kaka," Namba Mbili alimkatiza kwa upole. "Isimulie mpaka mwisho."

Kitinda aliijua hadithi ya siku ile kama anavyoijua njia ya dukani. Mvua. Tairi likapasuka. Fundi wao, aliyeitwa Kijiko kwa kupenda chai, akalibadilisha upesi. Baba akashinda. Watu wakambeba juu juu, wakiimba. Hadithi ilikuwa ikiishia hapo.

"Kabla hujabebwa wewe," Namba Mbili aliuliza, "nani alibebwa?"

Mzee aliinamisha kichwa.

"Kijiko," alisema mwishowe. "Gari liliteleza kwenye jeki. Likamwangukia mkono. Yeye alibebwa kwa machela, mimi nikaendelea na mbio. Hakushika spana tena." Akajifuta uso. "Siku ile niliipenda mno, mwanangu. Nikaogopa nikiisema yote, itaharibika."

Mama hakumkemea. Alikwenda kumletea chai.

Walipotulia, Namba Mbili alisema, "Sasa tulinyanyue kama watu wanaopenda kurudi mezani kula." Wakalisukuma gari mpaka gerejini kwake, polepole, yeye akiwa kwenye usukani na mkono wake kwenye breki ya mkono. Huko sakafu ilikuwa ya saruji, ngumu na tambarare.

"Udongo huzama," alieleza. "Hata lami hulainika kwa jua. Tafuta mahali pagumu pasipo na mteremko. Haya, Kitinda, magurudumu gani yatabaki chini?"

"Ya nyuma."

"Basi hayo ndiyo ya kuzuia. Vuta breki ya mkono. Weka gia ya kwanza. Halafu sukumia kabari za mbao, mbele na nyuma ya kila tairi. Na nati za mbele zilegeze kidogo sasa hivi, gari likiwa bado chini. Ukija kuzilegeza likiwa juu, unalitikisa mwenyewe."

Kitinda akafanya. Namba Mbili akaleta jeki pana yenye magurudumu. Haikuingia chini ya gari.

"Mke mwenzangu ana maringo," Mama alisema.

"Magari ya mbio ndivyo yalivyo, shemeji. Hukaa chini mno, basi tunayapandisha." Wakaondoa kabari, breki na gia, wakalisukuma gari likapanda kwenye mbao mbili pana, kila tairi la mbele juu ya ubao wake. Wakarudisha kabari nyuma, gia na breki ya mkono. Sasa jeki ikapita.

"Niiweke wapi?" Kitinda aliuliza.

"Swali zuri kuliko yote. Usiweke kwenye plastiki, umeona ilivyopasuka. Usiweke mahali oili inapokaa. Gari lina sehemu zake ngumu za kuinulia, na kitabu cha gari huzionyesha. Hili linainuliwa pale katikati, kwenye chuma kinene. Stendi, vile vyuma vya kubebea gari, zitakaa pembeni, hapa na hapa, kwenye mkunjo wa chuma wenye alama."

Akamwonyesha stendi mbili za chuma, zenye miguu mipana. Juu yake uliandikwa uzito zinaoweza kubeba. Akamfanya Kitinda asome kwa sauti na kulinganisha na uzito wa gari.

"Jeki ni mkono, stendi ni miguu," alisema. "Mkono huinua, lakini huchoka. Mafuta yakivuja ndani ya jeki, gari linashuka bila hodi. Basi jeki ni ya kuinulia tu. Kubeba ni kazi ya stendi. Na tofali jengea nyumba."

Kitinda akapampu jeki taratibu. Akasukumia stendi mahali pake bila kuingiza mwili chini. Akazisawazisha kimo, akachomeka pini zake, akalishusha gari mpaka likakaa juu ya stendi. Jeki akaiacha iguse kidogo, iwe akiba.

"Niingie sasa?"

"Bado," mzee alisema. Alikuwa ameinuka kwenye kiti chake. Akaja akichechemea, akaweka viganja kwenye gari, akalitikisa. Likatulia. Akalitikisa tena, kwa bega, jasho likimtoka. Likatulia.

"Baba Kitinda, utaling'oa," Mama alisema.

"Na ling'oke, kama litang'oka na mimi nipo hapa," mzee alijibu. Akalitikisa mara ya mwisho, ndipo akamwambia binti yake, "Ingia, mama."

Muda wote Kitinda alipokuwa chini, mzee alikaa kando yake kwenye stuli. Hakumruhusu mtu kuegemea gari wala kufungua mlango. Oili ilivuja kwenye nati moja tu iliyolegea. Kitinda akaikaza, akatoa magurudumu ya mbele, akafunga pedi mpya, akayarudisha. Gari likashushwa, nati zikakazwa sawasawa. Mwisho akakanyaga breki mara kadhaa mpaka ikawa ngumu mguuni.

Jumapili walitoka. Kitinda aliendesha. Injini ikanguruma, na machozi yakamtoka mzee, hakuyaficha. Walipofika njia panda ya kwenda mlimani, mzee alimshika mkono.

"Pinda kushoto," alisema. "Kwa Kijiko."

Walimkuta amekaa mlangoni kwake, mzee mwembamba, mkono wa kulia uliokauka ukiwa pajani. Alilitambua gari kwa mlio kabla hajawatambua watu. Alilitazama kwa muda mrefu. Halafu akamtazama Kitinda na mikono yake yenye weusi wa oili.

"Wewe ndiye uliyeingia chini yake?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Lilikaa juu ya nini?"

"Stendi. Juu ya saruji. Na kabari nyuma."

"Nani alilitikisa kwanza?"

Kitinda akamwonyesha kwa macho. Mzee Kimbunga alikuwa ameshuka. Alikuwa amefungua mlango wa abiria na kulaza kiti cha mbele, naye akajikunja kuingia kiti cha nyuma, kile kidogo kisichomfaa hata mtoto. Goti likamuuma, akaguna. Magoti yakamfika kidevuni. Kisha akainua kile kiti cha mbele, akakifuta kwa kiganja.

"Kijiko," alisema. "Njoo ukae mbele."